Nasaha Iliyokunjwa

Mzee Ghalib alikuwa mwana wa Stambuli, Stambuli mwana wa Mwinyihaji, Mwinyihaji mwana wa Shekue, na Shekue mwana wa Mwidani, yule aliyechimba kisima kilicho nyuma ya msikiti mdogo, ambacho maji yake yanatekwa mpaka leo na hayajapata kuonja chumvi. Shekue alisomesha Kurani vizazi vitatu bila kupokea ujira zaidi ya kuku wa sikukuu. Mwinyihaji alisuluhisha ugomvi wa mashamba kutoka Mtongwe hadi Ngombeni, na waliogombana waliondoka kwake wameshikana mikono. Stambuli alikuwa karani wa mahakama, mwenye hati iliyonyooka hata mahakimu wakaitazama kwanza kwa raha ndipo wakaisoma. Katika watu hao wote hapana aliyefungwa, hapana aliyefilisika, na hapana aliyeonekana barabarani bila kofia.

Mzee Ghalib mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, wa enzi za wino wa kuchovya na fimbo ya mkwaju. Alikuwa na saa kubwa ya ukutani aliyorithi kwa babake, na kwa saa hiyo alijivuna kuliko kwa kitu kingine chochote alichomiliki. Chakula cha mchana nyumbani kwake, pale mtaa wa Shika Adabu, Likoni, kiliwekwa mezani saa saba kamili. Tangu alipomwoa Bi Kulthum hakikuwahi kutangulia wala kuchelewa, na majirani walikuja barazani kwake kulinganisha saa zao za mkononi.

Mwaka wa tisini na tisa, mjukuu wake Johari alichumbiwa na kijana aitwaye Lewa. Babake Johari alikwisha kufariki, na binti alilelewa na babu. Kwa hiyo shughuli yote ilikuwa juu ya Mzee Ghalib. Upande wa bwana harusi uliongozwa na babu yake, Mzee Tsofa, aliyewahi kuendesha kreni kule bandarini Kipevu, mtu mnene, mcheshi, asiyeheshimu chochote ila chakula.

Nyumba ya Mwidani ilikuwa na desturi yake. Kabla ya wanaume kuondoka kwenda msikitini kufunga ndoa, mkubwa wa ukoo wa bibi harusi husimama, akautaja ukoo, akatoa nasaha. Asipozungumza, hapana anayenyanyuka. Mkubwa wa ukoo wakati huo alikuwa Mzee Jumaa, kakake Mzee Ghalib, aliyehamia Maskati zamani na sasa miguu ilimkataza safari.

"Basi mtufanyie hisani," alisema Mzee Tsofa siku ya kupanga tarehe, huku akimega kaimati. "Mkubwa wenu yuko Arabuni, hawezi kuja. Nitasimama mimi niwatajie hao babu zenu."

"Wewe?" Mzee Ghalib aliweka kikombe chini.

"Mimi. Nawajua wote, Mwalimu. Mwidani wa kisima, Shekue wa kuku, na Mwinyihaji, yule aliyekimbizwa na bata bukini mpaka akapanda mnazi."

Baraza zima liliangua kicheko. Kisa cha bata bukini kilikuwa cha kweli, na ndicho kisa pekee cha ukoo ambacho Mzee Ghalib hakukisimulia kamwe.

"Kakangu atazungumza," alisema. "Kwa sauti yake mwenyewe. Mbele yako."

"Asipozungumza?"

"Asipozungumza, simama wewe."

"Na bata?"

"Na bata wako," alisema Mzee Ghalib, na maneno hayo yalimtoka kama jino.

Ujumbe ulipelekwa Maskati, na baada ya muda akaja msafiri na bahasha. Ndani yake hamkuwa na kaseti. Mzee Jumaa alikuwa ameapa kwamba nasaha ya Nyumba ya Mwidani haitapanda juu ya chombo ambacho huenda kilikwisha kuimbiwa taarabu. Badala yake mwanawe, aliyefanya kazi ya kompyuta huko, alizirekodi kwa mashine nasaha mbili, ya babake na ya mamake, Bi Tima. Bi Tima ndiye somo wa mabinti wote wa ukoo ule. Ndiye anayewafunda siku ya harusi, chumbani, mlango umefungwa, mambo ambayo hapana mwanamume anayestahili kuyasikia. Sauti zote mbili zilikunjwa zikatoshea katika diski moja ndogo bapa, nyembamba kama biskuti.

Johari, akifuatana na babu yake, aliipeleka kwa Milcah, mwanamke wa Changamwe aliyemfundisha kupiga chapa, mwenye duka la fotokopi na kompyuta moja kuukuu. Milcah alikuwa mtu wa bara, mchangamfu, na Kiswahili chake kilimuumiza Mzee Ghalib masikio.

"Mzee, hii kitu iko ndani ya diski imefinywa," Milcah alimweleza.

"Kitu hiki kilichomo ndani ya diski kimefinywa."

"Ehe, hivyo tu. Na hii kompyuta yangu ni mzee. Samahani. Nataka kusema imezeeka. Ukiiambia icheze hiyo sauti vile iko, itakatika-katika kama mtu ana kwikwi. Lazima tuikunjue yote kwanza, iwe kubwa, ndio icheze."

"Kama kanzu iliyotoka sandukuni."

"Hapo umenena! Na ile programu ya kukunjua haina picha, haina vifungo. Unaiandikia amri kwa maneno, ukikosea kidogo inakataa."

Mzee Ghalib alikaa wima. Kwa mara ya kwanza alisikia habari ya kompyuta iliyompendeza. "Yaani haitii ila amri iliyo sahihi?"

"Haitii."

"Na ikitii, yasemaje?"

"Haisemi kitu. Inafanya kazi imenyamaza."

"Mashine hiyo," alisema Mzee Ghalib, "imelelewa."

Milcah alitaka kuzikunjua sauti dukani kwake mapema, na kuzisikiliza kidogo kuhakikisha. Mzee Ghalib alikataa katakata. Sauti ya mkubwa wa ukoo haitaonjwaonjwa dukani Changamwe, penye harufu ya wino wa fotokopi, na kusikiwa na wapita njia kabla ya wenyewe. Itakunjuliwa siku ya shughuli, barazani, mbele ya wazee, kama mkeka wa wageni. Na atakayeandika amri ni yeye Ghalib, mwenye nyumba, si mkono mwingine.

"Lakini Mzee..."

"Nimefundisha imla miaka thelathini na moja, binti yangu. Amri moja haitanishinda."

Siku ilipofika, kompyuta ililetwa kwa pikapu, ikavuka feri imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Waliiweka barazani juu ya meza ndogo, na wazee wa pande zote mbili wakakaa kuizunguka juu ya mikeka. Spika mbili kubwa zilikodiwa. Moja ilielekezwa kwa wanaume, nyingine ikatiwa dirishani kuwaelekea wanawake waliojaa ndani na Johari na Bi Kulthum. Kwa kuwa barazani hapakuwa na soketi, waya wa umeme ulipitishwa dirisha lilo hilo hadi chumba cha wanawake. Jambo hilo kumbukeni.

Ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri. Ndoa ingefungwa baada ya alasiri.

"Mwalimu!" alipaza sauti Mzee Tsofa, amekwisha kushika kikombe cha pili cha kahawa. "Hiyo televisheni yako mbona nyeusi? Mpira unaanza saa ngapi?"

Mzee Ghalib alivaa miwani, akaipakata kibodi mapajani kama anayepakata juzuu, na kwa kidole kimoja akaanza kuandika. Milcah aliinama nyuma yake kutazama.

"Mzee, unaandika nini hapo?"

"Anuani na tarehe."

"Ya nini?"

"Hapana andiko rasmi lisilo na anuani na tarehe."

Akabonyeza kama alivyoelekezwa. Mashine ikatoa mstari mmoja wa Kiingereza.

"Yasemaje?"

Milcah alisitasita. "Inasema... amri ni mbaya."

Mzee Ghalib, ambaye amri zake zilipata kuwasimamisha wanafunzi mia nne kwenye mstari bila hata mmoja kukohoa, aliitazama ile mashine juu ya miwani.

"Haijambo hiyo mashine!" alipiga kofi Mzee Tsofa. "Imemjua dakika moja tu!"

Mara ya pili Mzee aliandika kama Milcah alivyomtajia, herufi kwa herufi, ila mwishoni akatia nukta, kwa sababu sentensi isiyo na nukta kwake ilikuwa kama mtu asiye na viatu. Mashine ikasema haioni faili lolote la jina hilo.

"Ondoa hiyo nukta, Mzee."

"Itabaki inaning'inia."

"Wacha ining'inie!"

Aliiondoa, kwa uchungu. Lakini sasa lilikuwapo swali la jina lenyewe. Milcah aliiambia mashine ionyeshe yaliyomo ndani ya diski, na majina mawili yakatokea: STAMBU~1 na STAMBU~2.

"Stambu ni nani?" aliuliza Mzee Ghalib, na sauti yake ilikuwa baridi.

Milcah alieleza. Huko Maskati mafaili yalipewa majina marefu, ukoo mzima kutoka kwa Stambuli kurudi mpaka kwa Mwidani, maana Mzee Jumaa aliamuru kila kitakachotoka nyumbani kwake kiitwe hivyo. Mwisho kabisa wa kila jina ndipo palipoandikwa sauti ni ya nani. Mashine hii ya zamani haina nafasi ya majina ya namna hiyo. Ilichukua herufi sita za mwanzo, ikatia alama ya wimbi na namba, na kilichobaki ikakikata.

"Imemkata Mwidani?"

"Na wengine wote, Mzee. Pole. Sasa shida ni hii: hatujui namba moja ni ya Mzee Jumaa ama ni ya yule nyanya. Si tuulize Maskati? Kwa posta kuna simu."

Mzee Ghalib alicheka kidogo, kicheko cha mwalimu aliyeulizwa moja na moja ni ngapi. "Mkubwa wa ukoo atakuwa namba ngapi, binti yangu? Namba saba?"

"Inategemea nani alirekodiwa kwanza."

"Katika Nyumba ya Mwidani mkubwa hutangulia. Kula hutangulia, kunena hutangulia, kutia mguu mlangoni hutangulia. Kakangu ni moja. Bi Tima ni mbili, nayo itakunjuliwa baadaye, wanaume wakiwa msikitini, mlango umefungwa."

Akaandika moja. Akabonyeza. Mashine haikusema kitu. Namba tu zikaanza kupanda kwenye kona ya kioo, moja baada ya nyingine, polepole, kama mzee anayepanda ngazi.

"Imenyamaza," alisema Mzee Ghalib, akawageukia wazee kwa fahari. "Imeelewa."

Wakangoja. Halwa ililetwa, ikaisha. Kahawa ililetwa, ikaisha. Wazee walizitazama zile namba kwa makini sana, ingawa hapana aliyejua zinakwenda wapi. Mmoja alisema zimefanana na namba za mita ya maji. Zilipokaribia mwisho, kwa mujibu wa Milcah, umeme ukakatika.

Kioo kilizima. Feni ya ndani ilizunguka kidogo ikafa. Ng'ambo ya maji moshi wa stesheni ya umeme ya Kipevu ulikuwa ukipanda angani bila wasiwasi wowote.

"Wanapika huko," alisema Mzee Tsofa, "lakini hawapakui."

"Si kitu," alisema Mzee Ghalib. "Ukirudi itaendelea."

"Haiendelei, Mzee," alisema Milcah kwa huruma. "Inaanza upya."

Umeme uliporudi jua lilikwisha kuhama upande. Mzee Ghalib aliandika amri yake kwa mara nyingine, safari hii bila anuani, bila tarehe na bila nukta, na jasho likamtiririka chini ya kofia. Wanaume walisali alasiri pale pale barazani, zamu kwa zamu, ili mashine isiachwe peke yake. Kutoka msikitini akaja mtu kuuliza mbona bwana harusi haonekani, sheikh amekwisha kukaa. Mzee Tsofa alijinyoosha, akafunga vizuri shuka yake, akakohoa kohozi la mtu anayejiandaa kuhutubia.

"Mabwana," alianza, "palikuwa na bata bukini..."

"Tayari!" alipiga ukelele Milcah. "Imemaliza!"

Mzee Ghalib hakupata kufurahi vile tangu mtihani wa ualimu. Hapakuwa na muda wa kuonja wala kuhakikisha. Aliandika amri ya kucheza, akainuka, akanyoosha kanzu, na kwa sauti iliyofika mpaka barabarani akatangaza: "Wazee wangu, na nyinyi mlioko ndani, nyamazeni msikilize. Anayenena sasa ndiye mkubwa wa Nyumba ya Mwidani. Kila neno litakalotoka hapa ni kweli tupu, nami nalikubali kabla sijalisikia!"

Akabonyeza, akakaa. Spika zikavuma. Kisha ikatoka sauti, safi, kubwa, kama iliyo kando yako.

"Johari mwanangu, funga mlango. Wanaume wote watoke. Na Ghalib hasa; tazameni nyuma ya pazia, asije akawa amesimama huko na kofia yake."

Ilikuwa sauti ya Bi Tima.

Halafu Mzee Tsofa, taratibu kabisa, akakaa chini, akakunja miguu kama mtoto wa chuo cha Kurani.

"Zima," alinong'ona Mzee Ghalib.

"Bonyeza kitufe cha Kontroli pamoja na C!" alisema Milcah.

"C i wapi?"

Lakini kabla hajaiona C, mkono mnene ulipita juu ya bega lake, ukainyakua kibodi. Mzee Tsofa aliitia chini ya shuka yake, akaikalia.

"Mkubwa wa Nyumba ya Mwidani ananena," alisema. "Kuwa na adabu, Mwalimu."

"Tsofa! Wallahi nipe hiyo!"

"Nyamaza tusikie."

"Mwanangu," iliendelea sauti ya Bi Tima, "mume ni mtu mzuri akizoeshwa. Wa kwenu huko wanajivuna nasaba. Akianza kujivuna asubuhi, mpe uji wa moto sana. Hapana awezaye kutaja babu zake na ulimi umeungua. Kulthum hufanya hivyo kwa Ghalib tangu mwaka wa kwanza."

Kichwa cha Mzee Ghalib kiligeuka polepole kuelekea dirishani. Kwa miaka yote alidhani uji wa nyumba yake ni wa moto kwa sababu unapikwa kwa bidii.

"Chomoeni waya!" aliwapigia kelele wanawake. "Enyi wa ndani! Chomoeni waya!"

Ndani kilisikika kicheko kilichobanwa kwa kanga, kisha sauti ya Bi Kulthum, yenye upole na heshima zote.

"Abee! Waya upi, babu Johari?"

"Wa kompyuta!"

"Huku ziko waya nyingi. Twatafuta."

Hawakuutafuta. Waya huo, kama ilivyobainika baadaye, ulikuwa chini ya godoro walilokalia wanawake watano.

"Ukitaka jambo nalo hataki," aliendelea Bi Tima, "ficha kofia yake. Kofia ikipotea hatoki nyumbani, na asiyetoka husikiliza. Kulthum alijengewa jiko jipya kwa kofia mbili tu. Na chakula kikichelewa, usihangaike, usitokwe jasho. Pale kwa Ghalib pana saa ya ukutani ya marehemu mkwe wangu. Wali ukiwa haujaiva, Kulthum hupanda kigodani akarudisha mshale. Ghalib akitoka chumbani, saa saba kamili! Akienda kusali alasiri, Kulthum huupeleka mshale mbele, yakaisha. Ghalib huyo ndiye anayewatangazia watu kwamba saa yake haijapata kukosea."

Hapo baraza lilivunjika. Mzee mmoja aliangukia kawa la halwa. Jirani wa mkono wa kulia, mtu mpole asiyesema sana, alisimama ghafla akiwa ameshika saa yake ya mkononi.

"Ndiyo maana!" alisema. "Miaka yote nilikuwa nikiikosa feri! Nilikaripiwa kazini, Mwalimu! Nilisema ni mimi mwenye kasoro!"

Mzee Ghalib alikuwa amekaa wima, mikono magotini, akitazama mbele kama anayepigwa picha ya pasipoti. Alikwisha kukubali kila neno kabla ya kulisikia, tena kwa sauti kubwa. Aliiwaza ile saa. Alimwaza Bi Kulthum juu ya kigoda, siku baada ya siku, na mwiko mkononi. Na alijua kwamba sauti hii ikinyamaza Mzee Tsofa atasimama, na pamoja na bata bukini sasa anayo na saa, na uji, na kofia.

Sauti ya Bi Tima ilipoa kidogo.

"Sasa sikiliza na hili, nimalize, maana Jumaa amenisubiri hapa mpaka anasinzia. Nimeingia ukoo huu nikiwa msichana. Wanaume wao wana makelele, wana majivuno, wanaweza kukutajia marehemu mpaka chakula kipoe. Lakini sijasikia mwanamke akilia ndani ya nyumba zao. Siku Kulthum alipomvunjia Ghalib gramafoni yake, nilikuwapo. Ghalib alisahihisha Kiswahili cha Kulthum cha kuombea radhi, halafu akazoa vipande mwenyewe. Umepata babu wa namna hiyo, mwanangu. Huyo Lewa mwangalie hivyo hivyo, ukimkuta hana hasira ya mkono, mengine yote utamrekebisha kwa uji. Haya, fungueni mlango."

Spika zikakwaruza, zikanyamaza.

Mzee Tsofa alijiinua. Kibodi ilimganda kidogo kwenye shuka, akaibandua, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili. Machozi ya kicheko yalikuwa yakimtiririka mpaka ndevuni. Mzee Ghalib alifumba macho akingoja.

"Mabwana," alisema Mzee Tsofa, "nimekwenda harusi nyingi. Nimesikia babu za watu wakitajwa mpaka nikalala. Ukoo uliotajwa vizuri kama huu leo, sijausikia." Akamgeukia mjukuu wake Lewa, aliyekuwa amejikunja kwa haya ndani ya joho lake. "Umesikia, wewe? Mkono uwe na adabu. Na uji utakunywa!"

"Nimesikia, babu."

"Basi inukeni. Sheikh anangoja."

"Na bata?" aliuliza mmoja wa wazee, kwa tamaa.

Mzee Tsofa alimtazama Mwalimu, kofia imempinda kidogo kwa jasho. "Bata gani?" alisema. "Mimi sijui bata."

Wakaenda msikitini, na ndoa ikafungwa, na Mzee Ghalib aliitamka idhini yake ya kumwoza mjukuu bila kukosea herufi.

Siku ya pili yake Milcah alirudi kuchukua kompyuta. Mzee Ghalib alimwomba kwanza aikunjue ile namba mbili, na safari hii wakaisikiliza watatu tu, yeye, Milcah na Bi Kulthum, spika imepunguzwa sauti. Mzee Jumaa alianza kwa kishindo.

"Mimi ni Jumaa bin Stambuli bin Mwinyihaji bin... bin..."

Akakohoa.

"Tima! Aliyemzaa Mwinyihaji ni nani vile?"

"Shekue," ilisikika sauti ya Bi Tima kutoka mbali, pengine jikoni.

"Bin Shekue bin... Tima!"

"Mwidani, bwana wee! Wa kisima!"

"Bin Mwidani. Nasaha yangu kwenu ni hii..." Halafu kikafuata kitu kilichofanana na injini ya boti ikiwashwa, kikadumu, kikapanda, kikashuka. Mkubwa wa Nyumba ya Mwidani alikuwa amelala, na mkoromo wake ulikuwa umekunjwa huko Maskati kwa uangalifu mkubwa na kuletwa salama mpaka Likoni.

Mzee Ghalib aliwaza baraza limejaa, na Mzee Tsofa ameketi mbele, na sauti hii. Alishika ukingo wa meza.

"Binti yangu," alisema, "ikunje tena."

"Imekunjwa bado, Mzee. Hii tumesikia ni nakala tu. Yenyewe iko kwa diski."

"Imo katika diski. Basi na ibaki imekunjwa."

Milcah alifuta nakala, akafunga mizigo yake. Mzee Ghalib alimsindikiza mpaka kwenye pikapu, akamshukuru kwa maneno marefu yaliyopangika. Aliporudi sebuleni kigoda kilikuwa chini ya ile saa ya ukutani, mahali ambapo kwa miaka yote alikiona bila kujiuliza. Alikitazama kigoda. Aliitazama saa. Akakaa mezani. Ilikuwa saa saba kamili, na wali ulikuwa unatoka moshi.

"Haukuchelewa?" aliuliza Bi Kulthum.

"Nyumba hii," alijibu Mzee Ghalib, "haijapata kuchelewa."

Basi nyinyi vijana mnaosoma haya, kaeni wima na mshike. Faili lipeni jina fupi, na jina la mwenyewe litangulizeni mbele, lisikatwe. Msisitasite kuuliza Maskati, simu ipo. Msikubali neno lolote hadharani kabla ya kulisikia, hata likitoka kwa mkubwa wenu. Na saa ya ukutani iliyomo nyumbani kwa mzee wenu, mkiiona imekosea, msiiguse, wala msimwambie. Nimemaliza. Inukeni.